Laki Tisa za Shangazi

Tangu Juni 19, 2025, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipolifungua Daraja la J.P. Magufuli, hakuna tena anayelala Kigongo, ukingoni mwa Ziwa Victoria, akisubiri kivuko. Gari linapanda daraja, linashuka Busisi dakika chache baadaye, na abiria hata dirisha hajafungua. Zamani foleni ya pantoni ilikuweka hapa saa nzima, siku mbaya saa mbili, na ndani ya saa hizo ulikula: sato wa kukaanga, karanga, mahindi ya kuchoma, soda baridi. Daraja si baya. Mgonjwa wa Sengerema anayekimbizwa Hospitali ya Bugando usiku wa manane hawezi kulisema vibaya. Ila waliouza sato na soda wamebaki wakiyatazama magari yanavyopita bila hata kupunguza mwendo.

Mmoja wao ni shangazi wa mjadala huu. Amebakiwa na friji, meza, na akiba ya shilingi laki tisa. Mtoto wa kaka yake anapiga video: harusi, kipaimara, mahafali, kwaya, na nyimbo za Kisukuma zinazowekwa YouTube. Amepiga kwa simu, amehariri kwa simu, sasa anataka kompyuta. Amekuja na fundi mwenye duka mjini Mwanza, na dada ambaye ameketi mbele ya skrini za kuhariri kwa miaka zaidi ya kumi. Kikao nimekipanga mimi, na majina hayahitajiki. Hoja zenyewe utazisikia popote kuanzia Usagara hadi mjini, vijana wanapoulizana kama mashine ya mtumba itabeba kazi ya video au itawaaibisha mbele ya wateja.

KIJANA: Shikamoo, shangazi. Leo nimekuja na mashahidi.

SHANGAZI: Marahaba, baba. Mashahidi au madalali?

FUNDI: Mama, mimi nikidanganya utanikuta dukani, sihami. Nina mnyama anaitwa HP Z420. Ametoka kiwandani kuanzia mwaka 2012, akanunuliwa na ofisi za wahandisi na wachora ramani huko Ulaya kwa hela ambayo hapa ungejenga chumba na sebule. Wamemtoa ofisini kwa sababu hesabu zao za miaka zimekwisha, si kwa sababu amechoka. Prosesa ni Xeon ya kori 6. Ramu ina nafasi 8. Pawa sapulai ni ya wati 600. Nikimtilia kadi ya picha, SSD na ramu ya GB 32, anatoka kwa laki sita na nusu. Skrini laki moja na kumi. Unabaki na chenji.

SHANGAZI: Wa mwaka 2012? Mbuzi wa mwaka huo ningekuwa nimeshamla na ngozi nimeikalia.

FUNDI: Mbuzi anazeeka, mama. Prosesa haizeeki. Ikishawaka bila kuungua miaka miwili ya kwanza, itakuwakia miaka 15. Kinachokufa ni feni, hard, betri ndogo ya madabodi na vikapasita vya pawa. Vyote hivyo ninavyo kwenye droo.

Hapo fundi amesema kweli ambayo wengi hawaijui, na niipitishe kabla hajajibiwa. Kompyuta za ofisi za daraja la juu zilitengenezwa zifanye kazi mchana kutwa miaka mingi, na makasha yake hufunguliwa bila hata bisibisi. Ukilinganisha na laptopu mpya ya bei ya chini iliyopangwa dukani ikimetameta, mara nyingi hilo kasha la kijivu lina nguvu zaidi na litaishi zaidi. Tatizo la mtumba halianzii kwenye umri.

DADA: Fundi, umemsifia mnyama kwa misuli. Mwambie mama anakula nini.

FUNDI: Anakula umeme kama mashine nyingine.

DADA: Tupige hesabu. Mama, hapa mko kwenye ile tarifa ya nafuu ya LUKU, si ndiyo? Ya uniti 75 kwa mwezi?

SHANGAZI: Ndiyo. Nikivuka, bei inaruka. Naijua kuliko rozari yangu.

DADA: Friji yako tuseme inakula uniti moja kwa siku, 30 kwa mwezi. Sasa huyu mnyama akiwa kazini, na kadi na skrini, tumpe wati 300. Kijana akikaa saa 8, hiyo ni uniti 2.4 kwa siku. Siku 26 za kazi, uniti 62. Jumlisha na friji, 92. Hapo bado taa, redio na pasi.

SHANGAZI: Yaani kompyuta inakula mara mbili ya friji?

FUNDI: Hiyo ni akiwa anarenda muda wote, dada. Akipumzika anashuka.

DADA: Anashuka, lakini Xeon hashuki sana. Nimelala naye chumba kimoja, ana joto la jiko la mkaa.

Nakiri hesabu hiyo ilinipendeza kuliko zote za kikao, kwa sababu vijana wanaponunua kompyuta huuliza bei ya mashine na hawaulizi bei ya mwezi. Dada angeweza kuendelea: mashine ya mezani ya miaka ya karibuni, ya wati 150 pamoja na skrini, kwa saa zilezile inakula uniti 31. Ukiongeza friji unapata 61, na bado una akiba ya taa. Laptopu ya wati 60 haifiki hata 13. Nafuu ya uniti 75 ikikupotea kila mwezi, ile bei rahisi ya dukani umeshairudisha kwa awamu bila kujua unadaiwa.

KIJANA: Sawa, tuache umeme. Mimi shida yangu ni kustaki. Nilijaribu kompyuta ya rafiki, yenye prosesa ya kizazi cha 3, video ya simu yangu ikicheza inarukaruka kama sinema ya zamani. Sauti inaenda, picha inabaki.

DADA: Simu yako ni iPhone?

KIJANA: Ya mtumba, lakini inapiga 4K.

DADA: Basi ugonjwa ni huo.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo hela nyingi za vijana zinapozama. Simu haihifadhi kila picha ikiwa nzima. Inahifadhi picha moja kamili, halafu kwa picha zinazofuata inaandika kilichobadilika tu, kama jirani anayekuletea habari za msiba kwa kukwambia nani ameongezeka tangu jana. Faili linakuwa dogo, lakini kompyuta ikitaka picha ya katikati lazima irudi nyuma, ichukue ile kamili, na kuyajumlisha mabadiliko yote. Namna ya kufunga iitwayo H.265, ambayo iPhone imekuwa ikiitumia tangu mwaka 2017, imebana zaidi ya H.264 iliyoitangulia, hivyo kuifungua ni kazi ngumu zaidi. Prosesa za Intel zilipata sehemu maalumu ya kufungua video mwaka 2011, lakini sehemu hiyo ilianza kuimudu H.265 kikamilifu kwenye kizazi cha 6, na ile ya rangi za biti 10 kwenye kizazi cha 7, kilichoenea mwaka 2017. Kabla ya hapo kori zinabeba mzigo wote kichwani. Na Xeon ya Z420 haina sehemu hiyo kabisa, kwa kuwa haina kadi ya picha ya ndani.

DADA: Kwa hiyo fundi anakuuzia kori 6 zisizojua kusoma lugha ya simu yako.

FUNDI: Polepole, dada. Nimesema namtilia kadi. GTX 1050 Ti ni ya mwaka 2016, inakula wati 75 kutoka kwenye sloti yenyewe, haitaki hata waya wa pawa, na H.265 inaifungua, mpaka ya biti 10. Hapo unanionea.

DADA: Mradi programu ikubali kuitumia kadi kwa kazi hiyo. Siyo zote, na siyo matoleo yote ya bure.

FUNDI: Mradi ikubali. Nimekubali. Lakini usiseme mnyama hajui kusoma. Ana miwani.

Pointi hiyo ni ya fundi na naandika wazi, ingawa moyo wangu uko upande wa dada. Tena kuna njia ya tatu ambayo wote wawili wanaifahamu na wakaisahau katika kurushiana maneno: proksi. Unaiamuru programu itengeneze nakala nyepesi za video zote, unahariri kwa hizo, na siku ya kutoa kazi inarudi kuchukua zile nzito. Kompyuta ya miaka kumi na kitu inahariri 4K kwa raha kabisa kwa njia hii. Gharama yake ni muda wa kutengeneza hizo nakala, usiku mmoja pengine, na nafasi kwenye diski. Mwenye haraka na mwenye diski ndogo haimfai. Na mwenye simu anaweza pia kuingia kwenye mipangilio ya kamera, akaacha H.265 na kupiga kwa H.264 ya 1080p, maana bibi harusi wa Misungwi ataiangalia video kwenye simu na kwenye televisheni ya sebuleni, na hakuna mgeni atakayesimama kuhesabu nukta.

SHANGAZI: Kwani simu ina nini? Si ndiyo ulihariri nayo harusi ya Neema wa hapo juu?

KIJANA: Ile ilikuwa ya dakika tatu, shangazi, ya kurusha mtandaoni. Watu wa kamati wanataka ya saa moja na nusu, kuanzia kupambwa mpaka keki. Nikipiga 4K simu inakula karibu MB 170 kwa dakika. Saa 4 ni GB 40. Nikikodi na kamera ya pili, 80. Simu inajaa kabla mchungaji hajafika. Halafu sauti: video ya simu haiendi kwa mwendo mmoja, picha kwa sekunde zinaongezeka na kupungua. Ukiiweka pamoja na sauti uliyorekodi pembeni, baada ya nusu saa midomo inasema na neno linafuata nyuma.

DADA: Hilo HandBrake inalirekebisha, tena bure. Unaipitisha video kwanza, inatoka na mwendo mmoja.

KIJANA: Sawa, lakini HandBrake inataka kompyuta, dada.

Wakacheka wote. Shangazi akatoa karanga kwenye mfuko wa Rambo akagawa.

KIJANA: Mimi nina mfano wangu. Kule ng'ambo ya ziwa, Kampala, mtaa wa Wakaliga, kuna Isaac Nabwana, wanamwita Nabwana I.G.G. Alikuwa akifyatua matofali. Akaunda kompyuta zake mwenyewe kwa vipuri chakavu, na kwa hizo akahariri Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano, mwaka 2010. Dunia nzima imeiona. Wazungu wakapanda ndege wakaja mpaka uani kwake. Sasa kama yeye aliweza kwa vyuma vile, mimi Z420 itanishinda vipi?

FUNDI: Umesema, mdogo wangu! Mtu ni kichwa.

DADA: Hiyo filamu umeiona?

KIJANA: Mara tatu.

DADA: Umeiona bila ile sauti ya VJ Emmie anayepiga kelele juu yake?

KIJANA: Haipo bila hiyo sauti.

DADA: Kwa nini haipo?

Kijana akanyamaza, na mimi nikaweka kalamu chini. Maana ndivyo ilivyo. Nakala asilia ya filamu ile ilipotea. Kilichosalia ni ile yenye simulizi la VJ Emmie, na wapenzi wa Wakaliwood, studio ya Nabwana, wanaipenda hivyohivyo kwa kuwa vichekesho vya VJ vimekuwa sehemu ya filamu. Nabwana alikuwa na bahati kwamba kilichosalia kilipendwa. Harusi haina VJ. Ikipotea, hakuna Emmie wa kuiokoa, na bibi harusi hawezi kuitwa Jumamosi nyingine alie tena wakati baba yake anamkabidhi.

DADA: Mimi simpingi Nabwana. Aliyoyafanya kwa kompyuta zile sisi wenye studio hatujayafanya. Ninachosema, ukiiga vyuma vyake usiige na kukosa nakala ya pili. Mama, wewe umeuza hapa miaka mingi. Umeme hapa ukoje?

SHANGAZI: Unakatika. Ukirudi unarudi kwa hasira. Friji ya kwanza iliondoka hivyo.

DADA: Basi mimi hesabu yangu inaanzia hapo, siyo kwenye prosesa.

Na hapa wakaingia kwenye laptopu, hoja ambayo dada alikuwa ameificha mkobani tangu asubuhi. Laptopu, alisema, inakuja na betri yake. Umeme ukikatika unahifadhi kazi na unaondoka. Unaibeba ukumbini, unamwonyesha mteja vipande usiku uleule. Fundi akamjibu kwa uchungu wa mtu aliyefungua nyingi: ramu nyingine zimechomelewa kwenye bodi huwezi kuongeza, betri ya mtumba inashika dakika 20, na ikirenda kwa saa moja inapata moto na kujipunguza mwendo yenyewe, kwa sababu feni yake ni ndogo kama kifuniko cha soda. Chai ikimwagikia, umezika kila kitu kwa pamoja. Kasha la mezani likifa pawa, umebadili pawa.

Hapo nilimwunga mkono fundi, isipokuwa kwa jambo moja alilolipitia haraka: pawa za HP na Dell nyingi zina plagi zao wenyewe. Ile ya kawaida ya Kariakoo haiingii. Kabla hujanunua kasha la kampuni kubwa, muulize fundi kama pawa ya akiba anayo, na akuonyeshe kwa mkono, asikwambie itapatikana.

FUNDI: Haya dada, wewe ungemjengea nini kwa laki tisa?

DADA: EliteDesk 800 G3, ile ya kasha la kusimama, siyo ile ndogo ya kubana, ili siku moja kadi iingie. Prosesa i5-7500, kizazi cha 7. Inafungua video za simu yake bila kadi yoyote. Laki tatu na nusu, ina ramu ya GB 8. Ongeza 8 nyingine, elfu sitini. SSD ya kazi, elfu tisini. Skrini yako ya laki na kumi. Hapo ni laki sita na elfu kumi. UPS, laki na arobaini. Hard ya nje, mpya, siyo mtumba, laki moja na nusu.

FUNDI: Na kadi?

DADA: Kadi baada ya harusi tatu.

FUNDI: Bila kadi DaVinci Resolve haitakwenda. Kijana anataka rangi.

DADA: Haitakwenda vizuri, kweli. Aanze na Kdenlive au Shotcut, za bure zote. Rangi nzuri ni taa na jua la saa 11 jioni pale darajani. Na hizo kadi zako, fundi, nyingine zilichimba sarafu za mtandaoni mchana na usiku mpaka Ethereum ilipoachana na uchimbaji huo Septemba 2022. Mteja anajuaje?

FUNDI: Anajua kwa kuniona mimi naiwasha mbele yake nusu saa, inafanya kazi nzito, haizimi, haioneshi madoa. Ninayo ya aina hiyo, na ninaiuza kwa bei ya aina hiyo. Sasa nami nikuulize. Hiyo G3 yako Windows 11 haiitaki. Inaanzia kizazi cha 8. Na Windows 10 msaada wake ulikwisha Oktoba 14, 2025. Unamuuzia kijana mashine iliyofungiwa mlango.

DADA: Na Z420 yako imefunguliwa?

FUNDI: Ah, nayo imefungiwa. Lakini mimi nimekiri kwamba ni mzee.

Kumbe ndiyo sababu mojawapo ya makasha haya kumwagwa kutoka ofisi za wenzetu, na sisi kuyapata. Kompyuta nzima, zenye afya, zimeambiwa zistaafu kwa tangazo. Dada alisema ataweka Linux, ambako Kdenlive inafanya kazi vizuri. Fundi akakumbusha kwamba Resolve ya bure kwenye Linux haifungui H.264 wala H.265, kwa hiyo ndoto ya rangi inasogea mbele tena. Wengine hubaki na Windows 10 na kuiweka kompyuta nje ya intaneti kabisa. Hiyo ingetosha, kama wateja wasingekuja na nyimbo zao kwenye flashi zilizopita stesheneri zote za Misungwi.

SHANGAZI: Mmemaliza? Mimi sijaelewa kizazi cha 6 wala cha 7. Nimeelewa mambo mawili. Huyu wa fundi atakula umeme wa friji mbili. Na hicho kidude cha kuzuia umeme usirudi na hasira, kwa fundi hakimo.

FUNDI: Kinaweza kuwemo, mama, chenji ipo. Ila kwa wati 300 kile kidogo kitapiga kelele, kitashika dakika tatu nne.

SHANGAZI: Dakika tatu zinatosha nini?

KIJANA: Kuhifadhi kazi na kuzima, shangazi.

SHANGAZI: Na hiyo hard mpya, itakaa mezani pamoja na kompyuta?

DADA: Hapana, mama. Ikikaa mezani, mwizi au moto unachukua zote. Kila harusi ikimaliza kunakiliwa, inatoka chumba kile.

SHANGAZI: Basi itakaa kwangu. Nitaifunga kwenye kanga, niiweke sandukuni. Kuna vidonge vya nondo tu humo. Vina madhara?

FUNDI: Havina. Isipate maji na isidondoke.

SHANGAZI: Haidondoki. Na wewe, baba, ukiitaka unakuja kuiomba, na unaniambia ni harusi ya nani. Harusi ya kwanza unanirudishia laki moja.

KIJANA: Kwa hiyo ni ile ya dada?

Shangazi hakujibu upesi. Lori la Geita lilikuwa likipanda daraja, akalisindikiza kwa macho mpaka likafika katikati ya maji.

SHANGAZI: Nenda ukaiwashe kwanza, ikae saa nzima inafanya kazi, mimi nikiwa nimekaa hapohapo. Nitakuja na simu yako yenye harusi ya Neema. Ikirukaruka, tunarudi na hela yetu.

FUNDI: Karibu, mama. Na mnyama nakuwekea mpaka Ijumaa.